Mtani Aliyevaa Koti la Baba

Nianze na kosa langu, maana nikianza na la serikali nitashinda natukana mpaka jua lizame, na la kwangu halitasemwa. Ile bangi ilikuwa yangu. Niliinunua mimi sokoni Dodoma kwa mwanamke aliyekuwa akija na mizigo ya tumbaku kutoka upande wa Mlali. Aliifunga kwenye ganda la hindi, ndogo tu, ya kutosha kiganja. Nikaiweka chini ya mboga kwenye kikapu, nikaipeleka kwa baba yangu. Na mtu aliyefungwa kwa ajili yake hakuwa mimi.

Baba alikuwa na pumu. Aliwahi kuwa tarishi wa Boma, akapeleka barua za serikali kwa miguu miaka na miaka, vumbi la Ugogo lote likapitia kifuani mwake. Alipostaafu walimwachia koti la kaki, zito, lenye vifungo vya shaba, na pumu. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mkali kweli kweli. Pombe alikuwa anaihubiri vibaya hata wapika pombe wakawa wanapita njia nyingine wakiona koti lile. Lakini kifua kilipombana, dawa ya hospitali ya misheni ikashindwa, mganga mmoja alimwambia avute moshi wa bangi kidogo kwenye kiko, asubuhi na jioni. Akavuta, kifua kikafunguka. Nilimwona kwa macho yangu akipumua kama mtu wa kawaida, akacheka, akaniambia, “Mwanangu, hili liwe letu wawili na Mungu.” Nikamwambia, “Baba, na mama je?” Akasema, “Mama yako ana pua. Muache na pua yake.”

Zamani jambo hilo lisingekuwa na uzito. Mzee akivuta nyuma ya zizi lake, nani angemuuliza? Lakini hii ilikuwa miaka ile Wazungu walipokuja kulima karanga Kongwa. Watu walimiminika kutoka kila upande kutafuta kibarua, na askari nao wakaongezeka. Kila baraza tukasomewa tangazo: kuilima ni kosa, kuiuza ni kosa, kumpa mtu ni kosa, kukutwa nayo tu mkononi ni kosa. Mtu haulizwi ameipata wapi, anaulizwa kwa nini anayo. Niliyasikia matangazo hayo kwa masikio yangu haya, nikaendelea kununua. Ningefanyaje? Baba alikuwa anakufa kwa kukosa pumzi.

Alikufa hata hivyo, mwanzo wa mvua, saa nne ya asubuhi, mimi nikiwa nimeshika kichwa chake.

Sasa nieleze habari ya mtani, kwa sababu asiyejua utani atadhani sisi ni wendawazimu. Kwetu Wagogo ukoo una ukoo wake wa watani. Mtani wako anaweza kuingia kwako akachukua kuku na wewe ukabaki kucheka. Anakutukana wewe, mama yako na mbuzi wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye adabu mbaya. Lakini siku ya msiba ndiyo kazi yake hasa. Mtani ndiye anayesaidia kuzika, ndiye anayewachekesha wafiwa wasife kwa huzuni, na ndiye anayemaliza matanga. Huvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akasema kwa sauti ya marehemu, na watu humjibu kama ndiye. Hivyo ndivyo tunavyomuaga mtu.

Mtani wetu alikuwa mkulima wa kijiji cha pili, rika la kaka yangu mkubwa, mwembamba, mdomo mrefu. Mimi aliniita “mke wangu mbaya” tangu nilipokuwa sijui hata kusonga ugali. Mimi nilimwita fisi. Nilipoolewa na mtu wa reli nikahamia mjini, alikuja kwenye arusi akalala chini mlangoni kama maiti, akakataa kuondoka mpaka apewe jogoo, kwa kuwa ameibiwa mke. Mume wangu, ambaye si wa kwetu, alitaka kumpiga. Ilibidi baba amshike mkono.

Siku ya tatu baada ya kuzika, watu wamejaa uani, mama akaingia ndani ya tembe akatoa lile koti akampa mtani. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga mlenda, mwanangu mchanga mgongoni, na akili yangu yote ilikuwa kwenye chungu. Mfuko wa koti haukunijia kichwani hata kidogo. Mungu wangu, laiti ungenijia!

Akatoka. Loh! Lilikuwa jambo la kutisha kidogo, maana alikuwa baba mtupu. Alipinda bega lile lile. Alikohoa kikohozi kile kile, akasimama katikati ya hatua kuvuta pumzi, akajipangusa jasho kwa kiganja. Mama alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Mtani akapita kwa watu akigawa barua ambazo hazipo: “Wewe, serikali inakudai kodi ya kichwa. Najua huna kichwa, lipa hivyo hivyo.” Kwa mchungaji akasema, “Barua yako imetoka mbinguni, lakini imechelewa, nimekuja nayo kwa miguu.” Watu walikuwa hoi. Na kweli ule uzito uliokuwa umetukaa kifuani siku tatu ulianza kutoka.

Ndipo akatia mkono mfukoni, kama baba alivyokuwa akifanya kutafuta barua. Akatoka na kiko na lile ganda la hindi.

Alilinusa. Nilimwona anashtuka, kitambo cha kupepesa jicho tu. Kisha mdomo wake ule haukungoja. Akaliinua juu, akasema kwa sauti ya baba ya kanisani, “Ndugu zangu wapendwa, hii ndiyo inayonisaidia kuvumilia mahubiri!” Uwanja mzima ukalipuka. Hata mchungaji alifunika mdomo.

Sasa, kwa kuwa baba alikuwa mtu wa Boma, watu wa Boma walikuja kuhani. Walikuwapo karani mmoja na askari wawili, mmoja wao askari kanzu asiyevaa sare, kijana aliyetoka pwani. Yule kijana akasimama, akaja katikati ya uwanja, akauliza, “Hiyo ni ya nani?”

Watu wakazidi kucheka, maana walidhani na yeye ameingia mchezoni. Hata mimi, nimesimama na mwiko mkononi, nilidhani hivyo kwa muda. Mtani akajipiga kifuani juu ya vifungo vya shaba: “Yangu! Ya nani tena? Na ghalani nimejaza madebe mawili. Njoo, kijana, uvute na wewe, uso wako unaonyesha huna raha.” Yule askari akatoa pingu. Mtani mwenyewe akanyoosha mikono yote miwili, akageuka kwa mama yangu akilia kilio cha uongo: “Mke wangu, niwekee mlenda, serikali inaniita hata kaburini hainiachi!” Wakatoka naye mpaka njia kuu, na watu nyuma wakipiga vigelegele. Wengine walijipiga mapaja. Shangazi yangu alianguka chini kwa kicheko.

Tukamngoja arudi. Chakula kikaiva, tukagawa, tukamwekea fungu lake. Jua likageuka. Ndipo yule karani akasema polepole, akitazama chini, “Hawa hawatanii.” Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini sisi tuliendelea kutazama njia.

Watu humtetea yule askari kwamba hakujua mila zetu. Mimi sikubali. Pwani nako kuna watani, tena wana matusi kuliko sisi. Alijua vizuri sana. Alitaka tepe begani, na mwenzake alikuwa anamtazama. Ningemwona leo ningemwambia hivyo usoni. Lakini tazama, nimeshaanza kutukana serikali, na nilisema nitaanza na langu.

Kesho yake nilipeleka chakula mahabusu. Walimleta mtani kwenye dirisha la nondo, koti limechukuliwa, amebaki na shati lake lililochanika. Akaniona akafurahi! “Haya, mke wangu mbaya, umeniletea nini? Humu kuna chawa waliosoma, wananiuliza kwa Kiingereza.” Nilicheka. Nikamuuliza wamemfanya nini. Akasema wamekwenda kwake, wamepekua ghala, wamekuta mtama, na panya mmoja mwenye heshima zake. “Lakini wameandika kwamba nimekiri. Nawaambia sikukiri mimi, amekiri marehemu. Wananitazama tu.” Kisha akashusha sauti. “Semeni tu ilikuwa ya mzee. Yeye hawatamfunga tena. Njooni mseme, niende nikapande, mvua hii haitangoja mtu.”

Nikamwambia, “Tutasema. Lala usingizi, fisi we.” Kwa mdomo wangu.

Tukakaa kikao nyumbani, mama, baba mdogo, mume wangu na mimi. Nilisema yote. Nilidhani nitapigwa. Hakuna aliyenipiga, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu wote walikuwa wamekwisha kufikiri. Baba mdogo akasema, “Kaka yangu amezikwa na msalaba. Amesomewa kanisani kwamba alikuwa taa. Leo tukasimame mbele ya Mzungu tuseme alikuwa mvuta bangi? Mchungaji atamfuta kwenye kitabu.” Nikasema, “Baba hatatoka kaburini kwa hilo, lakini mtani anaweza kutoka jela.” Mume wangu akanigeukia. Alikuwa mtu mpole, sijawahi kumwona na uso ule. “Wakiuliza mzee mgonjwa asiyetoka nje aliipata wapi, utajibu nini? Kununua kosa. Kumpa mtu kosa. Mtoto ananyonya. Utaingia naye jela, au utaniachia mimi nimnyonyeshe?”

Mama akasukuma kuni motoni. Kisha akasema, “Yeye ni mtani. Watani hubeba mambo yetu.”

Nilijua si kweli. Mtani hubeba maneno na kuku, na jeneza pia. Hakuna mila inayosema mtani abebe kifungo. Lakini sikumjibu. Nilikuwa nimesikia neno jela na mwanangu kwa pamoja.

Siku ya kesi tulikwenda Boma. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa jasho na harufu ya wino. Bwana Shauri, Mzungu kijana mwenye ngozi iliyobabuka, alikaa mezani kama hakimu, na ganda langu la hindi liko mbele yake juu ya karatasi nyeupe, limeandikwa namba. Mkalimani alisimama kando. Mtani aliletwa, akaulizwa kama kile kitu kilikutwa mkononi mwake. Akasema ndiyo. Kama alisema mbele ya watu kwamba ni yake. Akasema ndiyo, lakini wakati ule alikuwa marehemu.

Mkalimani akayatafsiri. Bwana Shauri akauliza, akafafanuliwa, akauliza tena. Kwa haki niseme, alijaribu. Aliweka kalamu chini akasikiliza habari yote ya utani, koti na barua. Mwisho akasema kwa mkalimani kwamba mila hiyo ni nzuri naye anaiheshimu, ila sheria inataka kujua jambo moja tu: kama ile bangi si ya huyu, ni ya nani? Alete shahidi.

Wakamwita mama. Koti la nani? La marehemu mume wangu. Na iliyokuwamo mfukoni? Mama akanyoosha shingo kama anayeapishwa kanisani. “Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa.” Hakusema uongo hata nusu neno. Nimefikiri juu ya sentensi ile miaka yote hii, na sijaona mahali pa kuikamata.

Mtani akageuka. Hakumtazama mama, alitazama watu wote waliojazana nyuma, akasema kwa Kigogo, bila mzaha wowote, “Anayejua aseme. Tafadhalini.” Askari akamgeuza kwa bega. Bwana Shauri akauliza kama kuna mtu yeyote mwenye neno. Mkalimani akalitangaza swali lile kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa.

Mimi nilikuwa karibu na mlango, mwanangu yuko kwenye ziwa, amelala kwa amani. Macho ya mtani yalikuwa yanakuja upande wangu, mtu baada ya mtu. Nikaingiza mkono chini ya kanga, nikamfinya mwanangu paja. Nilimfinya kwa nguvu, kucha zikaingia. Akalipuka kwa kilio, watu wakaniambia, “Mtoe nje, mama, mtoe,” nami nikamtoa nje haraka kama mama mwema. Nilisimama chini ya mkorosho wa Boma nikimbembeleza, huku nasikia kupitia dirishani sauti ya mkalimani inasema miezi tisa, kazi ngumu, ili iwe fundisho kwa wilaya.

Alama ile ya kucha ilikaa pajani kwa mtoto wiki nzima. Mume wangu aliniuliza, nikasema ni mdudu.

Wafungwa walikuwa wakipita kila asubuhi njia ya soko kwenda kufagia na kubeba maji kwenye nyumba za Wazungu, wamenyolewa, kaptula nyeupe, askari mmoja mbele na mmoja nyuma. Nilijifunza saa yao. Wiki ya kwanza nilijibana ndani ya duka la Mhindi aliyekuwa akituuzia vitambaa, nikajifanya nachagua kanga. Mtani akaniona hata hivyo. Akapaza sauti barabarani, “Mke wangu mbaya! Umenenepa, nani anakulisha?” Watu wakacheka, askari akamsukuma. Mhindi yule akaniuliza, “Ndugu yako?” Nikasema, “Mtani.” Akatikisa kichwa, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Mwezi wa pili alinipungia mkono tu. Mwezi wa tatu aliniona akatazama mbele. Baadaye sikujua tena kama ananiona, maana alikuwa amekonda, na wote walionyolewa hufanana. Shamba lake halikupandwa. Mkewe alijaribu peke yake, magugu yakamshinda. Akachukua watoto akarudi kwa wazazi wake upande wa Mvumi, na niliposikia hivyo nilimpelekea mtama kwa mkono wa watu. Aliupokea, na hakutuma neno.

Nilikuwa nimejipa ahadi: mtoto akianza kula uji, nitakwenda. Akaanza kula uji. Nikasema akisimama. Akasimama. Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nilikuwa nimeficha mpaka najichukia. Asubuhi moja, mwezi wa saba wa kifungo chake, nikamwacha mtoto kwa jirani, sikumwambia mume wangu, nikaenda Boma. Karani aliyekuwapo alikuwa yule yule aliyekuja msibani. Nikamwamkia, nikamwambia yote nimesimama: niliinunua mimi, nikaitia kikapuni mimi, nikampa baba kwa mkono wangu.

Alifunga mlango kwanza. Kisha akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaisugua. “Mama, kesi ile imefungwa. Kitabu kimekwenda.”

“Basi kifunguliwe.”

“Rufaa ina siku zake, na zimepita zamani. Nikiandika maneno yako, itafunguliwa kesi nyingine, ya kwako. Yake itabaki palepale.”

“Yaani niingie mimi, naye asitoke?”

“Sheria si benchi la treni, mmoja akiinuka mwingine akae.” Akavaa miwani. “Ana miezi miwili tu. Nenda nyumbani. Mimi sikukuona leo.”

Nikatoka. Nataka niseme kwamba nilitoka nikilia, lakini nimekwisha kusema uongo wa kutosha maishani. Nilitoka nimefurahi. Moyo wangu ulikuwa mwepesi njia nzima, nikanunua na ndizi. Nilipofika kwa jirani mtoto akanijia akitambaa, ndipo nikakaa chini mlangoni, nikajua mimi ni mtu wa namna gani.

Alitoka jela mwisho wa kiangazi. Hakuja kwetu. Matanga ya baba yalikuwa bado hayajamalizwa. Mama alikataa katakata yamalizwe na mwingine, kwa sababu aliyeanza ndiye huyo. Karibu mwaka mzima mama alikuwa hajanyoa, hajafagia majivu ya msiba, hawezi kwenda arusi ya mtu. Akamtuma baba mdogo. Tulidhani mtani atakataa, akasema atakuja siku watakayo.

Watu walijaa kuliko siku ya kuzika, maana wote walitaka kumsikia. Mwaka wote ule walikuwa wakisema, atakapokuja atatutukana huyu, mtaona, atatoa mambo ya jela, tutakufa mbavu. Walitengeneza nafasi katikati. Nami, Mungu anajua, nilitaka matusi kuliko wote. Nilitaka aingie na teke, anyang’anye mbuzi, aniite kila jina chafu Ugogo inalo. Angefanya hivyo ningejua tumelipana.

Tulisikia sauti nje ya ua: “Hodi.” Watu wakatazamana. Mtani hapigi hodi. Akaingia, kofia mkononi, akamwendea mama, akainama. “Shikamoo, mama.” Akapita kwa wazee wote mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasema, “Habari za siku nyingi, mama.” Akasema mama! Mimi, mke wake mbaya.

Akafanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alimnyoa mama taratibu, hakumkata hata mara moja. Alifagia majivu, akayabeba kwenye ungo, akayatupa njia panda, akarudi. Watu walikuwa wakingoja. Mtu mmoja akamchokoza, “Vipi, mfungwa, wali wa serikali ulikuwa na nyama?” Akajibu, “Hapana, mzee,” kwa adabu. Kila mtu akatazama miguu yake. Vijana walianza kuaga.

Hapo nikashindwa. Nikasimama katikati ya uwanja, pale pale alipokuwa amesimama na koti, nikapiga kelele: “Ile bangi ilikuwa yangu! Niliinunua mimi sokoni, nikampelekea baba mimi! Mtu huyu amefungwa kwa kosa langu!”

Vichwa vyote viligeuka kwangu. Kisha shangazi yangu akajipiga paja. “Haa! Kumbe mtani ni huyu!” Akalipuka kwa kicheko, na waliokuwa karibu naye wakalipuka, na uwanja mzima ukafuata, maana walikuwa wamebana kicheko tangu asubuhi na hawakupata pa kukitoa. “Mfungeni!” mmoja akasema. “Leteni pingu!” Wakanishika mikono, wakanizungusha. Hata baba mdogo alicheka, na machozi yakamtoka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa chake kilichonyolewa, sikuuona uso wake.

Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa tembe, ungo mkononi, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikuwa anangoja. Ilibaki nafasi ya neno moja tu, niseme sitanii, nilirudie mpaka wanyamaze, na wangenyamaza.

Nikacheka nao.